MAJALADA YA WANACHAMA YAKAE WAPI?



Mwaka jana alifika katika ofisi yetu ya Kampala dada mmoja mchuma chai kutoka mashamba ya magharibi. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri, na alipoingia mlangoni jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi bila barua. Meneja alidai kwamba dada huyo alikuwa kibarua wa msimu kwa miaka 4 tu. Yeye mwenyewe alisema amefanya kazi miaka 11 mfululizo. Barua yake ya kuajiriwa ilikuwa imeungua pamoja na nyumba yake.

"Lakini, ndugu zangu, nilijiunga na chama mwaka ule ule nilioanza kazi," alituambia. "Fomu yangu ina mhuri wa kampuni, maana ada ilikuwa inakatwa katika mshahara. Nipeni fomu hiyo nikamwonyeshe ofisa wa kazi."

Lilikuwa ombi la haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mfanya kazi aliyefukuzwa isivyo haki miezi 3, tangu siku ya kufukuzwa, kupeleka malalamiko yake kwa ofisa wa kazi. Dada huyo alikuwa amebakiwa na siku 19. Tukafungua kompyuta ya ofisi. Fomu za tawi lake hazikuwamo. Zilikuwa zimewekwa katika kompyuta ndogo ya kubeba mkononi, na kompyuta hiyo iliibwa ndani ya taksi miaka miwili kabla. Na nakala yake je? Nakala ilikuwa katika flashi, na flashi ilikuwa katika mkoba ule ule.

Aliyetuokoa ni katibu wa zamani wa tawi, mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye alikuwa amehifadhi nakala za kaboni katika sanduku la bati chini ya kitanda chake. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja ya fomu, lakini mhuri na tarehe vilisomeka. Malalamiko yalifika kwa ofisa wa kazi zikiwa zimebaki siku 6. Shukrani ni kwa mzee huyo, wala si kwa ofisi yetu. Tunalisema jambo hili wazi kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu tunajua kwamba ofisi nyingi za vyama zinaishi hivyo hivyo hadi leo.

Baada ya tukio hilo Halmashauri ilituteua sisi watu watano tuchunguze namna chama kinavyoweza kuweka kumbukumbu zake zote mahali pamoja, ambapo kila ofisi na kila tawi litaweza kuzifikia kwa njia ya mtandao. Haya ndiyo tuliyoyaona. Tunayaandika kwa kirefu kwa kuwa fedha zitakazotumika ni ada zenu, na majina yatakayowekwa humo ni majina yenu.

TUNAWEKA NINI?

Tulianza vibaya. Tulikwenda moja kwa moja kwenye maduka ya kompyuta ya Kampala Road, na swali la kwanza tuliloulizwa na muuzaji lilikuwa, "Wazee, mnataka terabaiti ngapi?" Hatukujua. Basi akatuonyesha chombo kikubwa kuliko vyote dukani, chenye nafasi za diski 8 na taa nyingi za kijani. Mmoja wetu alikuwa tayari kuandika oda. Tulirudi ofisini tukiwa na karatasi ya bei na aibu kidogo, tukakaa chini kuhesabu.

Chama kama chetu huweka vitu vya aina chache. Kuna fomu za kujiunga. Kuna orodha za makato ya ada zinazoletwa na waajiri kila mwezi. Kuna mikataba ya pamoja iliyotiwa saini na kampuni, kumbukumbu za mikutano ya matawi, vitabu vya hesabu, na majalada ya kesi zilizo mbele ya maofisa wa kazi au Mahakama ya Viwanda. Tena kuna nakala za hati za mshahara ambazo wanachama hutuletea, na hizi zina uzito wa pekee. Kila mwezi mfanya kazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 10. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliwataka waajiri wote wachangie, hata mwenye mfanya kazi mmoja, na yakamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake. Watu walikwenda kuulizia akiba zao. Aliyekuta mapengo katika hesabu yake alihitaji karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zilikatwa. Mwenye hati ya mshahara ya miezi ile alikuwa na neno la kusema. Asiyekuwa nayo alibaki akibishana kwa mdomo.

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Chukueni chama chenye wanachama 10,000, na kila mmoja ana kurasa 4 zilizopigwa picha kwa skana. Ukurasa mmoja wa maandishi, ukipigwa kwa kiasi, huchukua kama kilobaiti 300. Kwa hiyo kurasa zote 40,000 zitachukua gigabaiti 12. Ndugu, hiyo ni kidogo! Kadi ndogo ya simu, inayolingana na ukucha wa kidole, hubeba zaidi ya hapo. Hata tukiongeza hesabu za miaka 20, picha za mikutano na majalada yote ya kesi, tutapata shida kuijaza terabaiti moja. Muuzaji alitaka kutuuzia ghala la kahawa la kuwekea gunia moja.

Basi tukaliweka kando swali la ukubwa, tukabaki na maswali mengine. Diski ikifa usiku, nini kitatokea asubuhi? Nyumba ikiungua? Mtandao ukizimwa? Mtu asiyestahili akifika, ataona nini? Na siku ambayo mtaalamu hayupo, je, karani wa kawaida ataweza kuitoa fomu ya mwanachama kabla basi la jioni halijaondoka?

STOO NA MTUNZA STOO

Vyombo tulivyoonyeshwa ni vya namna kadhaa, na tutavieleza kwa mfano wa kiwandani.

Namna ya kwanza ni kompyuta moja ya kawaida, labda kuukuu, inayofunguliwa ili wengine waingie kupitia waya wa mtandao. Ni rahisi na hufanya kazi, mpaka siku mtu anapoizima ili achaji simu yake. Tumeona hivyo.

Namna ya pili ni sanduku dogo lililotengenezwa kwa kazi hiyo tu, lenye diski 2 au 4, ambalo wauzaji huliita NAS. Hili lafanana na stoo yenye mtunza stoo. Wewe hufiki kwenye rafu. Unamwambia mtunza stoo, "Nipe fomu ya fulani wa tawi la Lugazi," naye hutazama kama una ruhusa, huitafuta, hukupa, na huandika katika kitabu chake kwamba umeichukua saa ngapi.

Namna ya tatu huitwa SAN, nayo hutumiwa na mabenki na makampuni ya simu. Hapo unapewa rafu tupu kupitia mtandao wake wa pekee wenye kasi kubwa, na kompyuta zako kubwa ndizo zinazopanga zenyewe kila kitu. Ni kitu chema kwa anayeandika malipo maelfu kwa dakika. Kwa chama kinachofungua majalada 30 kwa siku ni sawa na kununua gari moshi ili kupeleka barua. Kijana mmoja wa duka alitusifia sana SAN. Tulipomwuliza nani ataitengeneza ikiharibika, alitupa namba ya simu ya mtu aliye Nairobi.

Namna ya nne ni ile inayoitwa wingu. Jina hili linawapoteza watu. Hakuna kitu kilicho angani. Ni jengo la mtu mwingine, lenye diski zake, jenereta zake na walinzi wake getini, nawe unalipa kodi ya kukaa humo. Majengo makubwa ya namna hiyo yaliyo katika bara letu yako Afrika Kusini: Microsoft ilifungua ya kwake mwaka 2019, Amazon mwaka 2020, Google mwaka 2024. Hapa kwetu lipo jengo la Raxio pale Namanve, lililoanza kazi mwaka 2021. Ndugu zetu wa viwanda vya Namanve huenda hulipita kila asubuhi bila kujua kwamba na hilo ni stoo.

Kuhusu sanduku la diski kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea, na sisi pia tulilikosea. Sanduku lenye diski 2 laweza kuandika kila kitu mara mbili, yaani diski moja ni kioo cha nyingine. Ukiweka diski 2 za terabaiti 4 kila moja, unapata nafasi ya terabaiti 4 tu, lakini diski moja ikifa kazi huendelea. Ukiweka diski 4 za namna hiyo kwa mpango unaoitwa RAID 5, unapata terabaiti 12, na diski moja yoyote yaweza kufa bila hasara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliueleza utaratibu wa RAID katika maandishi yao ya mwaka 1988, na umesaidia ofisi nyingi duniani. Lakini kioo huonyesha kila kitu, hata ubaya. Karani akifuta jalada kwa makosa, linafutika katika diski zote mbili kwa dakika ile ile. Mwizi akibeba sanduku, amebeba diski zote. Kwa hiyo kioo si nakala ya akiba. Nakala ya akiba ni ile iliyo mahali pengine, isiyoguswa na ajali ya hapa.

MOTO, RADI NA WAYA WA BAHARINI

Wakazi wa Kampala hawahitaji kufundishwa habari za moto. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililomalizika kujengwa mwaka 1941, liliungua. Paa lilianguka, na ofisi zilizokuwa ndani, zikiwamo za fedha, ziliteketea. Jengo lenyewe limejengwa upya, lakini karatasi iliyokwisha kuwa majivu haijengwi. Wazee wanakumbuka pia Aprili 1979, Kampala ilipotekwa na maduka na ofisi nyingi zikaporwa.

Wala si kwetu tu. Tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg nchini Ufaransa, jengo la kampuni ya OVH, mojawapo ya makampuni makubwa ya wingu barani Ulaya, liliteketea kabisa. Wako wateja waliokuwa wakidhani wana nakala za akiba. Walikuwa nazo kweli, lakini zilikuwa katika jengo lile lile, nazo zikaungua pamoja na zile za kwanza. Tuliposoma habari hiyo tulitazamana tukakumbuka flashi yetu ndani ya mkoba.

Radi ni jambo la pili. Ukanda huu wa ziwa una ngurumo nyingi, na umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoua diski na swichi za mtandao, kuliko hata kule kukatika. Kwa hiyo tunasema mapema: sanduku lolote litakalonunuliwa bila betri ya akiba ya kulizima polepole, na bila kinga ya umeme, ni fedha za wanachama zilizotupwa. Muuzaji hataitaja betri katika bei yake ya kwanza. Iulizeni.

Basi, baadhi ya ndugu katika kamati walisema, tupeleke kila kitu katika wingu, tuachane na moto na radi. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Lakini Uganda haina pwani. Mawasiliano yetu na dunia hupita kwa waya wa kioo kupitia Kenya au Tanzania hadi kwenye nyaya za chini ya bahari, ambazo ya kwanza ya kampuni ya Seacom ilianza kazi Julai 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, ya Seacom na ya EASSy, zilikatika baharini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kutambaa. Tena, wakati wa uchaguzi wa mwaka 2021, mtandao wa nchi nzima ulizimwa tangu jioni ya tarehe 13 Januari hadi tarehe 18. Kama siku hizo zingekuwa siku za mwisho katika ile miezi mitatu ya dada yetu, wingu lingekuwa na fomu yake na sisi tusingekuwa nayo.

Kisha kuna fedha. Sanduku hununuliwa mara moja, ingawa diski zake zitabidi zibadilishwe baada ya miaka kama mitano. Wingu hulipiwa kila mwezi, na mara nyingi bei yake ni ya dola. Wote tunajua waajiri wanavyochelewesha kuleta ada walizokwisha kuzikata. Mwenye wingu hatajali kwamba kampuni fulani ya sukari au ya chai haijaleta fedha za miezi mitatu. Atatuma onyo, kisha atafunga mlango.

NANI ATASOMA MAJINA YETU?

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na tunaomba msomaji asipite haraka.

Orodha ya wanachama ni kitu chema mkononi mwa chama. Mkononi mwa mwajiri mbaya ni kitu kingine. Mwezi wa Februari 2009 maofisa wa serikali ya Uingereza wanaolinda habari za watu walipekua ofisi moja ndogo katika mji wa Droitwich. Walikuta majina ya wafanya kazi wa ujenzi 3,213. Kadi zilieleza ni nani alikuwa mwanachama hodari wa chama, nani aliwahi kulalamika juu ya usalama kazini, nani asiajiriwe. Makampuni ya ujenzi zaidi ya 40 yalikuwa yakilipia habari hizo. Watu walikaa bila kazi miaka mingi wasijue sababu. Na kazi hiyo yote ilifanywa kwa kadi za karatasi! Mtu mwenye orodha ya kompyuta hahitaji hata kupekua. Huandika jina tu.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatuhusu sisi moja kwa moja. Chama kinachokusanya habari za watu kinapaswa kujiandikisha katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, kukusanya kile tu kinachohitajika, kukilinda, na kutoa taarifa kikiibwa. Kama habari zinawekwa nje ya nchi, ni lazima nchi hiyo iwe na ulinzi unaolingana na wetu, au mwenyewe awe amekubali. Sheria hiyo inazitaja habari za pekee zinazotakiwa kulindwa zaidi: dini, msimamo wa siasa, maisha ya ndoa na mapenzi, fedha, na afya. Uanachama wa chama cha wafanya kazi haukutajwa kwa jina. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 imeutaja. Tunaona hili ni pengo, na viongozi wetu wangefaa kulizungumza na Wabunge wa wafanya kazi. Kwa sasa tusingoje sheria ituambie; tuzilinde habari hizi kana kwamba zimetajwa.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Katibu wa tawi la Kakira aone wanachama wa Kakira, asione wa Kinyara. Mweka hazina aone ada, asifungue majalada ya kesi. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri, si neno moja la ofisi nzima lililobandikwa ukutani (ndugu mnaocheka, tazameni ukuta wenu kwanza). Anayeacha kazi, mlango wake ufungwe siku ile ile. Na nakala yoyote inayotoka nje ya ofisi, iwe katika diski au katika wingu, iandikwe kwa fumbo ambalo bila ufunguo haisomeki, ili mwizi wa taksi apate chuma tu.

Kuna na hatari ya kugeuziwa kibao. Mapema mwaka 2022 wahalifu waliojiita Deadbolt waliingia katika masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa mtandao wa dunia, wakafunga majalada ya watu na kudai fedha ili wayafungue. Masanduku hayakuwa mabovu kuliko mengine. Wenyewe walikuwa wameyaacha mlango wazi ili wayafikie kwa urahisi wakiwa nyumbani, na hawakuweka marekebisho ya programu yanayotolewa na mtengenezaji. Sanduku letu lisionekane nje hata kidogo. Matawi yaingie kwa njia iliyofungwa, hata kama inachosha kidogo.

TUNAYOPENDEKEZA

Baada ya mabishano mengi, kamati imeafikiana hivi, isipokuwa jambo moja ambalo tutalieleza mwisho.

Tununue sanduku la diski 2, zenye kuandika kwa kioo, liwekwe Kampala katika chumba kinachofungwa, juu ya meza na si sakafuni, pamoja na betri yake. Hilo litakuwa stoo ya kazi ya kila siku, na litafanya kazi hata mtandao wa nchi ukizimwa. Kila usiku, mabadiliko ya siku ile yapelekwe kwa fumbo mahali pa pili. Tumependelea mahali hapo pawe ndani ya Uganda, iwe ni kwa kampuni ya kukodi au sanduku la pili katika ofisi yetu ya Jinja. Kazi ya usiku wa kwanza ndiyo itakayokuwa ndefu: gigabaiti 12 kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde ni saa 5 na zaidi. Baada ya hapo ni dakika chache tu. Na kila Ijumaa nakala ya tatu iandikwe katika diski ya nje, ing'olewe waya, ipelekwe mbali na ofisi. Diski isiyokuwa na waya haiwezi kufungwa na wahalifu wala kuuawa na radi.

Hatupendekezi kuchoma karatasi. Wako waliosema tukimaliza kupiga picha tuzitupe fomu za zamani ili tupate nafasi. Hapana. Kila mtu anajua kwamba pale Nasser Road mtu hodari aweza kuchapa karatasi yoyote utakayo. Siku mwajiri atakaposema picha yetu ni ya kughushi, tutahitaji fomu yenyewe yenye wino wa mhuri.

Tunapendekeza pia zoezi, na hili kwetu ni kubwa kuliko aina ya sanduku. Kila miezi 3 Mwenyekiti atachagua jina moja la mwanachama bila kutangaza. Karani, si mtaalamu, ataitoa fomu ya mwanachama huyo katika nakala ya tatu, kana kwamba sanduku la Kampala limeungua. Saa itaandikwa. Tulijaribu zoezi hili kwa sanduku la kuazima. Mara ya kwanza tulishindwa kabisa: nakala ilikuwapo, lakini neno la kufungulia fumbo lilikuwa kichwani mwa kijana wa duka, naye alikuwa amekwenda Mbarara arusini. Mara ya pili ilituchukua dakika 40. Mara ya tatu, dakika 9.

Jambo ambalo hatukuafikiana ni ufunguo huo wa fumbo. Wote tunakubali usikae na mtu mmoja. Watatu kati yetu wanataka uandikwe katika karatasi, ufungwe katika bahasha mbili zenye lakiri, moja kwa Katibu Mkuu na moja benki. Wawili wanasema bahasha ya Katibu Mkuu hugeuka kuwa mali ya Katibu Mkuu, hasa wakati wa uchaguzi wa chama, na wanataka bahasha hiyo ikae kwa wadhamini. Kila upande una mifano yake, na baadhi ya mifano hiyo si ya kuandikwa gazetini. Tumeliacha kwa Halmashauri iamue kwa kura, na tunaomba matawi yaijadili kabla ya wajumbe wenu kuja Kampala, ili waje na neno lenu badala ya neno lao.

Wakati huo huo kazi ya kupiga picha imekwisha kuanza. Makatibu wa matawi walete fomu katika maboksi makavu, zimepangwa kwa mwaka wa kujiunga, pini zikiwa zimeng'olewa kwa kuwa huharibu skana. Kila boksi liandikiwe idadi ya fomu zilizomo, na karani wa Kampala atatia saini mbele ya aliyelileta. Tawi lenye fomu za zamani zilizofifia, zilizoliwa na mchwa au kulowa mvua, lisizitupe. Zileteni hivyo hivyo zilivyo.